Kikombe Kilichorudi na Asali

Wiki moja baada ya kumzika mama, mimi na dada yangu Ndeshi tuliketi jikoni kwake, kijijini, juu kidogo ya barabara ya Moshi, tukitenganisha vyombo. Vya mama huku, vya majirani kule. Kwenye msiba vyombo huchanganyika, na ndiyo maana kila sufuria huwa na alama ya mwenyewe, imekwaruzwa kwa msumari au kupakwa rangi ya mlango. Ndeshi alishika bakuli la bati lenye herufi E, akalipangusa kwa kanga, akatazama huku na huku, kisha akachota maharage kwenye gunia lililobaki matangani na kulijaza nusu. "Hili la mama Eliamani," alisema. "Haliwezi kurudi na upepo ndani." Nikaitikia kwa kichwa. Mara mikono yake ikasimama, na bila kuniangalia akaniuliza, "Kaka, ile siku ya kikombe cha Bibi Hesabu, uliwahi kunisamehe?" Nilikuwa na miaka sitini na kitu, mwalimu mstaafu, nimejibu maswali ya watoto maisha yangu yote, na hilo sikuweza kulijibu. Sikuwahi kujua kwamba kulikuwa na jambo la kumsamehe. Kwa miaka yote ile mkosaji niliyemjua alikuwa mmoja, na huyo ni mimi. Nilirudi kwangu Sokon One, Arusha mjini, na swali lake, nikaanza kuandika. Ukurasa huu wa kwanza nimeuandika mara tano. Ni ugonjwa wa zamani, na ndio hasa ninaotaka kuueleza.

Mwaka ule Mwingereza alikuwa bado anatawala, na mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa. Shule yangu ilikuwa imeishia darasa la nne, kwa sababu ambazo sitazieleza kwani zilikuwa sababu za kila nyumba. Kilichonibakia ni kitabu kimoja cha hesabu cha Kiingereza nilichokikuta soko la Tengeru kwa mzee muuza ugoro. Alikuwa akichana kurasa zake moja moja na kufungia ugoro wa wateja, na siku nilipomkuta alikuwa ameshafika ukurasa wa kumi na saba. Nilimwomba aniuzie mabaki. Kwa hiyo mimi nilianza hesabu za wakubwa kutoka ukurasa wa kumi na saba, na yote yaliyoelezwa kabla ya hapo, yaani majina ya alama na sababu ya kila kitu, wazee wa Tengeru walikuwa wameyamaliza kwa pua. Nilijipa majina yangu mwenyewe. Alama ya kutafuta kipeuo niliiita jembe. Ile alama ya duara, yenye miguu miwili na ubao juu, niliiita kigoda. Nilijua kazi ya kigoda: ukitaka mzunguko wa duara unakiweka hapa, ukitaka eneo unakiweka pale, na thamani yake ni ishirini na mbili juu ya saba. Jina lake la kweli sikulijua. Niliogopa sana siku ambayo mtu aliyesoma angenisikia nikisema kigoda.

Nilikuwa nachanganya saruji katika shamba moja la kahawa la Mzungu, chini ya fundi aliyeitwa Elifasi, tukijenga tangi la duara la maji ya kuoshea kahawa. Futi kumi na mbili kukatisha katikati, futi saba kwenda juu. Siku ukuta ulipokamilika nilichukua mkaa, nikapiga hesabu ubavuni mwa tangi wakati wenzangu wakila mchana, nikapata kwamba lingebeba mapipa mia na kumi na mbili na nusu. Fundi Elifasi akaja na kipande cha muhogo mkononi, akasoma, akacheka mpaka akakohoa. "Hiyo nusu," alisema, "utaijaza wewe kwa mate." Wenzangu wakacheka na mimi nikacheka, lakini nusu sikuifuta. Nisingeweza. Ilikuwa kweli.

Jioni alipita dada wa yule Mzungu mwenye shamba, mwanamke mrefu aliyekuja kumwangalizia kaka yake nyumba baada ya kufundisha hesabu kwao kwa miaka mingi. Watu walimwita Bibi Hesabu kwa sababu alikuwa akihesabu ngazi kwa sauti akipanda barazani. Alisimama mbele ya tangi. "Nani ameandika hapa?" Fundi Elifasi akavua kofia. "Ni huyu kijana, memsabu. Tutapaka chokaa sasa hivi." Bibi Hesabu alisogea karibu. Alisimama midomo ikicheza, nikajua anapiga hesabu kichwani, na nikahisi mkojo ukinibana kama mtoto. Kisha akaokota mkaa wangu chini na kuchora alama ya vyema pembeni ya ile nusu. Mtu akiniuliza ni lini maisha yangu yalianza, huwa nataka kusema ni pale, halafu naona aibu na kusema nilipozaliwa.

Kuanzia hapo nilikwenda kwake kila Jumanne na Ijumaa, saa kumi jioni, baada ya kunawa saruji. Tulikaa chumba cha kulia. Nakikumbuka chumba kile kuliko nyumba nyingi nilizowahi kuishi mwenyewe: sakafu ya mbao inayonuka nta, mbwa mzee aliyelala chini ya meza na kunusa vidole vyangu vya miguu, saa ya ukutani iliyotangulia dakika sita na ambayo hakuna aliyeirekebisha, na dirisha lililoonyesha mlima Meru mpaka mawingu yalipoukata kiuno. Nilisumbuliwa sana na zile dakika sita. Bibi alikuwa na Kiswahili cha kitabuni, cha polepole, kila neno limekaa peke yake. Alinifundisha majina ya kweli ya alama. Alipofika kwenye kigoda alitaja jina lake haraka, mara moja tu, na mimi sikulishika, na sikuthubutu kumwambia arudie. Hilo nalo ni kosa langu. Wakati huo nilidhani mtu akiomba kurudiwa anaonyesha kwamba hakustahili kuambiwa mara ya kwanza.

Chai ililetwa na mpishi, Mzee Zakaria, Mchaga wa Machame mwenye mdomo mkali na aproni iliyopigwa pasi. Bibi aliletewa kikombe cha kaure na kisahani. Mimi niliwekewa kikombe cha bati cha jikoni, chenye pengo ukingoni, ambacho asubuhi alikuwa amekinywea mtunza bustani. Hakuna aliyesema lolote kuhusu hilo, na mimi nilikuwa nimeridhika, kwa kuwa kikombe cha bati hakivunjiki na ningeweza kukishika bila kutetemeka. Lakini Ijumaa moja nilitatua swali lililokuwa limemshinda hata yeye kwa dakika kadhaa, naye akaniangalia muda mrefu na kuita, "Zakaria, lete kile kikombe cha kabatini." Kisha mlango ukasukumwa kwa bega, na kikombe kikawekwa mbele yangu taratibu mno, kama yai.

Kilikuwa kikombe kikubwa cheupe chenye mkono mmoja, na ubavuni kimechorwa kwa brashi kitu cha duara, cha rangi ya kahawia, mfano wa chapati nene yenye kingo zilizofinywa, kimekatwa kipande kimoja. Juu ya kile kitu, kwa rangi ya buluu, kilikuwapo kigoda changu. Chini yake kulikuwa na maneno ya Kiingereza ambayo nilipoyatafsiri yalisema kwamba hata ukate vipi, hakiishi. Nilikitazama mpaka chai ikapoa. Bibi Hesabu alikuwa anatabasamu, ananingoja, na mimi sikujua ananingojea nini. Nikasema, "Asante." Akaendelea kutabasamu kidogo, halafu akafungua kitabu. Jikoni nilimsikia Zakaria akimwambia dobi, bila kushusha sauti, "Wanafunzi wake wa Ulaya ndio walimchorea hicho walipomuaga. Bwana alikinywea siku moja akafokewa kama mtoto. Leo anakinywea mchanganya saruji." Dobi akasema, "Labda anataka kumfanya mwanawe." "Mwana gani," Zakaria alijibu, "kucha zina kokoto."

Mtu mwingine angemuuliza Bibi palepale maana ya mchoro. Mimi niliamini ni mtihani. Mwalimu wa hesabu hawezi kuchora kitu cha bure, nilijiambia, na akikuwekea mbele halafu akanyamaza, anataka uone mwenyewe. Nilirudi nyumbani nikawaza kila namna. Kama kile ni chakula cha duara, na kimekatwa, na hakiishi, basi hesabu iko wapi? Niliomba ruhusa kukiosha mwenyewe, ili nipate kukipima kwa ukambaa wa mgomba, mzunguko na kukatisha katikati. Siku ya kwanza kigoda kilitoka tatu na moja ya saba. Siku ya pili, ukambaa ukiwa umekauka, kilitoka tatu na kidogo sana, na nilihuzunika kama mtu aliyefiwa. Nilimuuliza mama jioni moja akichanganya loshoro, mahindi na maziwa ya mgando kwenye chungu, nikimweleza kwamba kuna mkate ambao ukikata hauishi. Hakuinua kichwa. "Huo ni mkate wa kanisani," alisema, na kwake mjadala ukawa umekwisha. Nikamuuliza Mzee Zakaria. Yeye aliangalia mlangoni kwanza. "Hiyo ni alama ya chama chao," alininong'oneza. "Ukikinywea mara saba umeshaingia, hutoki tena." Nilijua ananitania. Hata hivyo nilianza kuhesabu, na mara ya saba ilipofika chai ilinipalia. Nilikinywea mara tisa kwa jumla. Mpaka leo nikifikiria mwaka ule huwa naona picha ya kijana anayekunywa chai kwa woga, akitafuta jibu la swali ambalo hakuna aliyemuuliza.

Kisha ikaja Jumanne ile. Bibi Hesabu alifunga vitabu mapema. Alisema kwamba kuna chuo cha ualimu mbali, kupita Moshi, ambacho kimemwandikia kutafuta kijana mmoja wa huku anayeweza kufundishwa kufundisha hesabu. Mmoja tu. Cheti cha darasa hakikuwa lazima kama yeye angeandika barua ya kumdhamini. Alikuwa na majina mawili, langu na la kijana wa upande wa Kikatiti aliyesoma mpaka darasa la sita. "Wa kwanza ni wewe," alisema. "Lakini lazima uzungumze na watu wa kwenu. Sitaki kumchukua mtoto wa mtu. Nipe jibu Ijumaa, kwa barua, kwa Kiingereza, kwa sababu chuo kitataka kuona mwandiko wako. Jumamosi asubuhi gari la kaka yangu linapeleka barua Arusha." Nilisema ndiyo, Bibi. Nilikuwa na maana kwamba nimesikia. Nilipokuwa naondoka honi ya kaka yake ikalia nje, naye akaenda kabatini haraka haraka, akarudi na kitu kimezungushiwa gazeti, akakiweka mikononi mwangu, akasema, "Utaona nyumbani," akakimbilia barazani.

Nyumbani tulifungua gazeti. Kilikuwa kikombe kile, kimejazwa sukari mpaka ukingoni, juu kimefunikwa karatasi na kufungwa uzi. Sukari nyeupe, ya kutosha chai ya mwezi mzima kwa watu wa kiasi. Mama aliiangalia akatikisa kichwa kwa heshima. "Huyu mama ana adabu," alisema. "Ametutumia sukari, tena kwa chombo chake kizuri, asitudharau." Wala mimi sikufikiri vingine. Ningefikirije? Mtu akikuletea unga kwa kikapu, amekupa unga. Kikapu ni cha kwake, na siku ya kukirudisha unatia ndani chochote ulichonacho, hata ndizi mbili, ili mwenyewe ajue mkono wake haukutoka bure. Sisi tumelelewa hivyo kabla ya kujua kusoma. Mama aliimimina sukari kwenye debe lake, akakiosha kikombe, akakipanga juu ya rafu peke yake, mbali na vyetu.

Jumatano nilianza barua. Nilikuwa nimekwishaamua ndani ya moyo wangu siku ileile ya Jumanne, kabla hata mbwa hajaniaga, kwa hiyo barua ilipaswa kuwa na mistari mitatu. Nilitaka isiwe na kosa hata moja. Nilijua nina deni la kurasa kumi na sita, na nilihisi kwamba yeyote atakayesoma mwandiko wangu ataziona zile kurasa zilizokosekana. Barua ya kwanza ilikuwa na herufi zilizolala. Ya pili nilisema nashukuru mahali nilipodhani ningesema naona fahari. Ya nne niliona fahari, kisha nikaona mtu maskini hawezi kuona fahari, nikaichana. Ya saba ilikuwa safi kabisa mpaka tone la wino likaanguka kwenye jina langu. Alhamisi sikwenda kazini. Nilimtumia Fundi Elifasi salamu kwamba naumwa, naye alijibu kupitia kwa mtoto kwamba kama naumwa nusu nije nusu. Mama alikuwa akipita nyuma yangu na ndizi za kumenya. "Hicho chuo kiko mbali?" "Mbali, mama." "Kuna baridi?" "Sijui." Akamenya ndizi mbili, tatu. "Kikombe cha watu kimelala hapa siku ya pili," alisema. Nilikuwa nikihesabu kama mistari ya kushoto na kulia imelingana.

Ijumaa saa nane mchana nilikuwa kwenye barua ya kumi na moja, na nilijua sitaimaliza kwa saa kumi. Nilijidanganya kwa hesabu. Gari linaondoka Jumamosi asubuhi, nilijiambia, na asubuhi ya Wazungu huanza baada ya chai, na chai yao ni saa tatu; nikiondoka saa moja na nusu nitafika na nafasi itabaki. Mama aliteremsha kibuyu cha asali ambayo mjomba aliichukua msituni huko juu, asali nyeusi iliyokuwa ikitunzwa kwa ajili ya mgonjwa, akakijaza kikombe cha Bibi Hesabu mpaka pale sukari ilipokuwa imefika. Nakumbuka kabisa jinsi alivyoinama kupima ukingo kwa jicho. Akakifunika kwa jani la mgomba lililochomwa kidogo, akakifunga, akamwita Ndeshi, aliyekuwa na miaka kumi na minne na alikuwa akipitia huko kwenda mashineni kusaga. Mimi nilisema bila kuinua kichwa, "Mwambie Bibi nakuja kesho asubuhi na barua."

Haya yanayofuata sikuyajua mpaka juzi, katika lile jiko, mbele ya bakuli la mama Eliamani. Ndeshi alisema alifika mlango wa nyuma na Mzee Zakaria akakipokea kikombe, akainua jani, akanusa, akasema, "Hee. Wamekirudisha." Bibi Hesabu alikuwa nyuma yake. Dada yangu hakuwa amewahi kusimama karibu na Mzungu, na alikuwa anaangalia viatu vya yule Bibi. Bibi akamuuliza, "Anaeli yuko wapi?" "Yuko nyumbani." "Anaumwa?" "Hapana." "Haji leo?" Ndeshi alisema alitaka kusema yale niliyomtuma, maneno yalikuwa yamefika hapa, akajigusa koo, lakini Bibi alikuwa na macho ya kijivu na alikuwa akiangalia ile asali kama mtu anayesoma telegramu. "Yuko nyumbani," alisema tena, kisha akachukua kikapu chake na kukimbia. Nilipomuuliza mbona hakusema kitu aliporudi, alisema alimwambia mama, na mama akamjibu, "Si kitu, kesho anakwenda mwenyewe." Ndeshi alichukua punje moja ya haragwe iliyoanguka akairudisha bakulini. "Unadhani mama alijua?" nilimuuliza. "Alijua nini?" Sikuweza kumwambia ni nini. Mama alikuwa na mtoto mmoja wa kiume nyumbani, na chuo kilikuwa mbali, na ni yeye aliyekihimiza kikombe kirudi. Lakini pia mama asingeweza kulala na chombo cha mtu, angerudisha hata cha adui. Nimejaribu kuyatenganisha mambo hayo mawili kama tulivyotenganisha vyombo, na hayana alama.

Jumamosi nilivaa shati langu la kanisani. Barua ya kumi na mbili ilikuwa ndani ya kitabu, kitabu ndani ya mfuko, ili isikunjike. Njiani nilikutana na vumbi ambalo lilikuwa bado halijatulia, na akili yangu ikakataa kujua ni vumbi la gari gani. Nilifika saa mbili kasorobo. Mzee Zakaria alikuwa barazani anapangusa viti, na kwa mara ya kwanza hakunitania. "Ingia," alisema. "Yuko mezani."

Kikombe kilikuwa katikati ya meza, jani limefungwa vilevile. Bibi Hesabu hakusimama. Aliniangalia mimi, akaangalia shati, akaangalia mfuko. "Anaeli," alisema, "nilidhani umekataa."

"Sijakataa, Bibi. Nimeleta barua."

"Ulinirudishia kikombe."

"Ndiyo, Bibi. Na asali."

"Kwa nini ulinirudishia?"

Sikuelewa swali. Nilidhani anauliza kwa nini tumechelewa nacho. Nikaanza kuomba radhi, kwamba mama alitaka kukirudisha tangu Jumatano, kwamba chombo hakirudi kitupu na ndiyo maana ilibidi tungoje asali iteremshwe. Alinisikiliza mpaka mwisho. Midomo yake ilicheza kidogo kama siku ile ya tangi. "Kikombe ndicho kilichokuwa zawadi," alisema. "Wanafunzi wangu walinipa mimi nilipoondoka. Nikakupa wewe, kwa sababu unaondoka."

"Na sukari, Bibi?"

"Sukari niliweka ili kisivunjike njiani."

Zakaria alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa mkononi. Alisema kwa sauti ndogo, kama anayezungumza na kiti, "Memsabu hakuniuliza. Angeniuliza ningemwambia." Nafikiri hilo ndilo neno la huruma kuliko yote niliyosikia katika nyumba ile.

Nikauliza kuhusu gari. Lilikuwa limeondoka saa moja na nusu, kabla ya jua kukausha umande, kwa sababu bwana alitaka kuwahi vipuri mjini. Barua ya chuo ilikuwa ndani yake na jina la kijana wa Kikatiti. Nilisema, na hapa sauti yangu iliniaibisha, kwamba labda Jumatatu angeandika barua nyingine. Bibi Hesabu aliweka viganja vyote viwili juu ya meza. Alisema Ijumaa jioni, baada ya dada yangu kuondoka, walimtuma dereva Kikatiti kumpa yule kijana habari, na dereva alirudi akisema baba mtu amekwishachinja mbuzi na kuita majirani. "Siwezi kwenda kuwaambia wamtapike mbuzi," alisema. Ilikuwa karibu iwe kichekesho. Hatukucheka. Nilitaka kumchukia yule kijana nikashindwa, kwa kuwa nilijiona mimi nikiwa nimeshika nyama ya mbuzi yule, nimeng'ata tonge la kwanza, na mtu anakuja kunigongea mlango.

Tulikaa. Ile saa iliyotangulia ilikuwa ikigonga. Mwishowe, nadhani kwa kukosa jambo lingine la kusema, nilimuuliza ule mchoro ulikuwa na maana gani. Alishangaa. "Hukujua?" Akanieleza kwamba kwa Kiingereza jina la ile alama na jina la lile andazi lililochorwa hutamkwa sawasawa, pai, na kwamba tarakimu za ile alama, ukiendelea kuzitafuta, hazifiki mwisho, kwa hiyo wanafunzi wake walichora andazi lisiloisha. "Ni mzaha tu," alisema. "Nilidhani ulikuwa ukiona aibu kucheka mbele yangu." Nikamwambia kwamba nilikuwa nimelipima lile duara kwa ukambaa. Akageuza uso akaangalia dirishani. Kama baadaye aliniambia nichukue kikombe, na mimi nikakataa, au kama hakuniambia, sikumbuki, na nimejilazimisha kukumbuka mara nyingi. Najua tu kwamba nilikuwa nawaza: nikikichukua, na asali ya mama imo, je, si nitakuwa nimemrudishia mama asali yake? Na wakiimimina, nitatoka mlangoni na chombo kitupu? Sikuona njia ya kukibeba ambayo isingekuwa kosa kwa mtu. Baada ya mavuno yeye na kaka yake walihama. Mimi nilikuja kuwa mwalimu miaka saba baadaye, kwa njia nyingine, ndefu, ambayo si ya sura hii.

Nilisimama kuaga. Nilikuwa nimefika mlangoni aliponiita. "Ile barua. Ulisema umeleta barua." Nilikuwa nimeisahau. Nilitoa kitabu mfukoni, nikaitoa barua ndani ya kitabu, ikiwa imenyooka. Aliisoma akiwa amesimama, karibu na dirisha, polepole, kidole kikipita chini ya kila mstari kama alivyokuwa akisahihisha kazi zangu. Alifika mwisho, akarudi juu, akaisoma tena. Kisha akaikunja mara mbili na kuishika kifuani.

"Haina kosa," alisema. "Hata moja."

Nilishuka zile ngazi, nikapita tangi, nikapita vihamba vya migomba vya watu niliowajua, wakanisalimu nikawaitikia. Nilikuwa nafurahi. Nasema kweli, kwa kuwa nimeahidi kusema kweli katika kitabu hiki: nilikuwa nafurahi kama sijawahi kufurahi, natembea na kutabasamu peke yangu barabarani, hata moja, hata moja, mpaka nilipofika mtoni na kuinama kuvua viatu ili nivuke, ndipo nikakumbuka ilikuwa barua ya nini.